Lac Vert: Sauti za watu wetu zisifanyiwe montaji kwa programu ya wizi

Kuna imani imeota mizizi hapa Goma, na leo nataka kuipinga hadharani. Inasema kijana asiye na Adobe Audition ndani ya kompyuta yake si mtu wa redio, ni mchezaji tu. Utaisikia kwenye semina za siku tatu hotelini, kwenye redio za mtaa, hata kwa vijana wanaorekodi kwaya hapa kartie Lac Vert. Na kwa kuwa karibu hakuna mwenye fedha ya kuilipia, wanaenda kwenye vibanda vya kompyuta mjini, wanatoa dola chache, na kijana wa kibanda anawawekea toleo lililokrakiwa, yaani lililovunjwa kufuli. Mimi nasema huo ni upuuzi, na ni upuuzi wenye hatari. Hatari yenyewe haimfikii ripota peke yake. Inakufikia wewe mama uliyeongea kwenye mikro yetu ukiwa umekaa chini ya turubai kule Bulengo.

Najua msikilizaji anaweza kusema: mambo ya programu ni yenu, sisi tunataka habari. Vumilia kidogo. Ripoti ya dakika 3 unayoisikia jioni haikuzaliwa hivyo. Mama aliyekimbia kutoka Masisi ameongea dakika 15 kwa Kihunde. Mvua inapiga turubai, mtoto analia, pikipiki zinapita kwenye barabara ya Sake. Ripota anarudi nyumbani, anachagua maneno yenye uzito, anaacha sauti ya mama isikike peke yake sekunde 5 hivi, halafu anaiteremsha taratibu na juu yake anaweka tafsiri ya Kiswahili. Katikati anaingiza sauti yake mwenyewe, na chini kabisa anaacha kelele za kambi ili msikilizaji ajue ripota alifika kweli. Kila sauti ina mstari wake: wa mama, wa mfasiri, wa ripota, wa mazingira. Mistari hiyo mafundi wanaiita pisti. Ndiyo sababu programu inayojua kukata sauti moja tu haitutoshi. Tunahitaji yenye pisti nyingi, zinazokaa moja juu ya nyingine na kila moja kupandishwa au kushushwa peke yake.

Niseme na hili, ingawa si la programu: wapo ripota wanaofuta kabisa sauti ya mwenye shida na kuacha tafsiri tupu, eti kuokoa muda. Mtu alishahamishwa kijijini kwake, nasi tunamhamisha tena kutoka ndani ya habari yake mwenyewe. Kazi hiyo ya kuweka sauti mbili moja juu ya nyingine inachukua dakika 10 kwa anayejua.

Sasa turudi kwenye hiyo Audition. Naelewa mapenzi hayo yalitoka wapi. Wakubwa wetu wa kazi walijifunza kwa Cool Edit Pro ya kampuni ya Syntrillium. Mwaka 2003 Adobe ikainunua na kuibatiza Audition. Mafundi wakafuata jina jipya kama watu wanavyomfuata fundi cherehani aliyehama mtaa. Programu yenyewe ni nzuri, sitasema uongo. Lakini haiuzwi moja kwa moja, inakodishwa: zaidi ya dola 20 kwa mwezi. Miezi 12 ni zaidi ya dola 240, na siku ukiacha kulipa inajifunga, na miradi yako yote inabaki ndani kama nguo kwa dobi. Inalipwa kwa kadi ya benki, na mara kwa mara inataka kuingia mtandaoni kuhakikisha deni lako. Nani hapa Lac Vert ana kadi hiyo? Hata wachache waliokuwa nayo waliona mabenki ya Goma yakifunga milango mwishoni mwa Januari 2025. Sisi tunaishi kwa pesa ya simu na franga za mkononi.

Basi inabaki ile ya kibanda. Jambo la kwanza wanalokuambia ukitaka toleo lililokrakiwa ni hili: zima antivirusi. Fikiri vizuri. Mtu usiyemjua anakuambia umfunge mbwa kwanza, ndipo aingie ndani kukutengenezea mlango. Na wewe unamfunga! Halafu flashi ile ile iliyoingia kwako inaenda redio, inatoka redio inaenda kwa mwenzako, inatoka kwa mwenzako inaenda kwenye mashini ya parokia. Redio moja ya hapa mjini, jina naliacha, iliamka siku moja ikakuta folda zote za mahojiano zimegeuka njia za mkato zisizofungua kitu. Mahojiano ya miezi, yamekwenda. Waliorekodiwa hakuna aliyewaambia.

Kuna wanaojibu kwamba wizi wa programu ya tajiri wa Marekani si wizi. Hilo mimi siligombanii sana, kila mtu na dhamiri yake. Ninachogombania ni kwamba mtu anayekuja kambini na kusema «mniamini, nitaitunza sauti yenu» hawezi kuibeba hadi kwenye mashini ambayo hajui nani mwingine yumo ndani.

Na kichekesho ni kwamba dawa ipo, tena ni ya bure. Inaitwa Audacity. Waliianza Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg kwenye chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, mwaka 1999, na umma ukaipata Mei 2000. Ni programu huria: unaipakua, unaitumia, unampa jirani kwenye flashi, na sheria yake inakuruhusu. Ina pisti nyingi. Inafanya kazi kwenye Windows, kwenye Mac na kwenye Linux. Menyu zake zipo kwa Kifaransa, kwa hiyo aliyesoma shule hapa kwetu hapotei. Inapunguza kelele: unaionyesha sekunde mbili za kelele tupu, inajifunza, kisha inaziondoa kwenye rekodi nzima. Inasawazisha sauti ili ripota asipige kelele huku mama akinong’ona. Mambo ya ripoti ya dakika 3 yote yamo, na mengine mengi ambayo wengi wetu hatutayagusa maisha yetu yote.

Wapinzani wangu wanapenda kunikumbusha mwaka 2021. Ni kweli, mwaka huo Audacity ilichukuliwa na kampuni ya Muse Group, na Julai wakatoa maelezo ya faragha yaliyoandikwa vibaya, watu dunia nzima wakapiga kelele kwamba programu imekuwa jasusi. Kampuni ikalazimika kuyaandika upya. Kinachotoka kwenye kompyuta yako ni kuuliza kama kuna toleo jipya, na taarifa za hitilafu ukizikubali. Sauti unazorekodi hazitumwi. Zima ukaguzi huo kwenye mipangilio, au fanya kazi bila mtandao kama tunavyofanya karibu sote, maana megabaiti si za kuchezea. Lakini mnaona ajabu yake? Mtu anaogopa programu ambayo msimbo wake uko wazi na watu dunia nzima waliukagua wakalalamika, halafu haogopi ile ya kibanda ambayo hakuna aliyewahi kuikagua.

Kasoro zake nazijua na nitazitaja mwenyewe kabla hamjanitajia. Kwa miaka mingi Audacity ilikuwa ukiweka athari kwenye sauti, umeibadilisha moja kwa moja. Tangu toleo la 3.2 la mwaka 2022 unaweza kuweka athari zinazofanya kazi wakati sauti inapita na kuziondoa ukitaka. Nyingine: sauti za m4a zinazotoka kwenye simu nyingi haizifungui kwenye Windows mpaka uongeze kifaa kinachoitwa FFmpeg, na matoleo mengi yanakihitaji hata kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Hapo ndipo vijana wanakata tamaa na kusema «haifai». Kifaa chenyewe ni cha bure, kinawekwa mara moja tu.

Kwa anayefanya vipindi virefu, michezo ya redio au kwaya yenye pisti 20, mimi mwenyewe ningemwelekeza kwa Reaper. Aliyeianzisha ni Justin Frankel, yule yule aliyetengeneza Winamp tuliyokuwa tunasikilizia muziki wote. Faili yake ya kuweka kwenye Windows haifiki megabaiti 20, unaipakua kwa unite za kununulia karanga, na inakimbia hata kwenye mashini iliyochoka. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili. Baada ya hapo inaendelea kufunguka na kukukumbusha ulipe: dola 60, mara moja, kwa mtu binafsi au kwa kazi isiyoingiza zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka. Nani kati yetu anafika huko? Dola 60 ni miezi isiyofika mitatu ya Audition. Ndiyo, nayo inahitaji kadi, lakini malipo ya mara moja unaweza kumwomba ndugu aliye Ulaya au Kanada, naye hataamka kila mwezi kukulaumu. Kuitumia miaka bila kulipa ni kurudi kule kule nilikokataza. Kwa wenye Linux ipo pia Ardour, ni imara, ila inamtaka mtu mvumilivu.

Wengi hawauliziani kuhusu umeme, na hapa kwetu ndilo swali la kwanza. Januari 2025 mji huu ulikaa siku kadhaa bila umeme wala maji. Hata siku za kawaida, umeme unakatika katikati ya sentensi. Kwa hiyo usiniambie programu ipi ina rangi nzuri. Niambie inafanya nini mashini ikizimika ghafla. Audacity tangu toleo la 3.0 la Machi 2021 inahifadhi mradi wote ndani ya faili moja, na inaandika kila hatua papo hapo. Ukiwasha tena inakuuliza: nirudishe? Unasema ndiyo. Kabla ya hapo mradi ulikuwa faili moja na folda iliyojaa vipande vidogo, na mtu akibeba faili akasahau folda, kazi imekufa. Kama kompyuta yako bado ina toleo la zamani kwa sababu «linafanya kazi tu», libadilishe wiki hii. Reaper ina tatizo la namna hiyo: mradi wake ni karatasi ndogo inayoonyesha tu sauti ziko wapi. Ukiuhamisha, chagua kwanza kunakili sauti zote ndani ya folda ya mradi.

Na nafasi kwenye diski. Saa moja ya mahojiano, sauti ya upande mmoja, ubora wa CD wa biti 16, inakula karibu megabaiti 318. Audacity yenyewe ikiachwa inarekodi kwa biti 32, yaani karibu megabaiti 635 kwa saa hiyo hiyo. Kwa mtu anayeongea, biti 16 zinatosha kabisa. Badilisha kwenye mipangilio na diski yako itapumua. Ripoti ikiisha, MP3 ya kilobiti 64, upande mmoja, ni karibu megabaiti 1.4 kwa dakika 3. Itume kwa WhatsApp kama hati, isikamuliwe tena njiani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonisukuma kuandika haya yote, maana hayo mengine mtu angeweza kuyasoma popote.

Ripota wengi wakiambiwa «ficha sauti ya huyu mama, ana hofu», wanachofanya ni kuishusha sauti mpaka iwe nzito kama ya mzimu. Wanadhani wamemficha. Hawakumficha! Sauti iliyoshushwa kwa kipimo fulani, mtu mwingine mwenye programu hiyo hiyo anaipandisha kwa kipimo hicho hicho na kumsikia mama alivyo. Hilo ni kweli kwa Audacity, kwa Reaper, na kwa hiyo Audition yenu ya dola 240. Hata bila kuipandisha, majirani wanamjua mtu kwa namna anavyotamka, kwa kijiji anachokitaja, kwa kikohozi cha mtoto wake. Njia ya kweli ya kumficha ni moja: maneno yake yasomwe na mtu mwingine, sauti yake isitoke hewani hata sekunde moja, na rekodi yenyewe isibaki kwenye mashini ambayo watu wanne wanaitumia.

La pili ni la kiufundi na karibu hakuna mwalimu wa semina aliyelitaja mbele yangu. Ukikata sehemu ambayo mtu ametaja jina lake kwa kuvuta ukingo wa kipande cha sauti, Audacity tangu toleo la 3.1 haiifuti; inaificha tu. Anayefungua mradi wako anavuta ukingo ule ule na jina linarudi. Reaper ni hivyo hivyo, maana rekodi nzima ipo kwenye folda. Kwa hiyo usimpe mtu mradi. Toa sauti iliyokwisha, WAV au MP3, umpe hiyo. Ripota anayetuma mradi mzima kwa mhariri kupitia simu za watu watatu ametuma jina la mama kwa watu watatu.

La tatu ni hizi huduma za mtandaoni za kusafisha sauti kwa akili bandia. Unapandisha faili mbovu, inarudi safi kama ya studio. Zinavutia, najua. Lakini kupandisha maana yake sauti ya mtu imeondoka nyumbani kwako na kwenda kwenye seva za kampuni, ambako yule mama hakukubali kwenda. Na rekodi ikiwa mbovu sana, vyombo hivi vinaweza kutoa silabi ambazo hakuna aliyezitamka, na mtu asiyejua Kihunde ataamini kwamba ndivyo alivyosema. Mvua ikipiga turubai, dawa yake si akili bandia. Sogeza mikro hadi upana wa kiganja kutoka mdomoni, jifunikeni blanketi, au subirini mvua ipite. Mvua ya Goma inapita.

Kuna hoja moja ya wapinzani wangu ninayoiheshimu. Wanasema: kijana akienda kuomba kazi redio kubwa au shirika la kimataifa, ataulizwa Audition. Inawezekana. Lakini atakayejua kusikia pumzi isikatwe katikati, atakayejua kuteremsha sauti ya mama bila kuizamisha, huyo programu nyingine ataizoea kwa wiki moja. Asiyejua hayo, mpe studio nzima, ataendelea kutuletea ripoti ambazo muziki unamfunika aliyefiwa.

Na kazi hii haisubiri. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yalipoanguka kwenye kambi za Lac Vert na Mugunga, waliokuwa na simu na kinasa sauti walirekodi. Februari 2025 kambi zikavunjwa, watu wakatawanyika: wengine walirudi Masisi na Rutshuru wakakuta nyumba hazipo, wengine wako kwa familia zilizowapokea hapa hapa, chumba kimoja watu tisa. Ukipita leo mahali kambi zilipokuwa unaona mawe meusi ya Nyiragongo na mashimo ya vyoo. Kilichobaki cha miaka ile ni sauti hizo, na nyingi ziko kwenye kadi za simu na kwenye kompyuta zilizojaa virusi vya kibanda.

Kwa hiyo nina madai, na nayaandika ili yasomwe. Wenye redio: tafuteni kompyuta moja isiyounganishwa na mtandao, wekeni Audacity, na iwe na neno la siri ambalo halikuandikwa ukutani. Rekodi za kambi zinakiliwe kwa WAV kwenye diski mbili, na diski hizo zisilale nyumba moja. Mashirika yanayotoa semina: mkija tena msitufundishe programu ambayo mtaondoka nayo kwenye kompyuta zenu. Leteni Audacity na FFmpeg kwenye flashi, zitoshe kila aliyekaa kwenye kiti, na siku moja kati ya zile tatu iwe ya kulinda aliyeongea. Na ninyi mliorekodiwa, popote mlipo, mna haki ya kumpigia ripota wenu na kumuuliza sauti yangu iko wapi, nani anayo, na kama nikisema ifutwe itafutwa. Akijibu kwamba iko «kwenye mashini tu», mwendelee kumuuliza.